Hela Ikipotea Mkononi mwa Wakala, Nani Anailipa?

"Shikamoo mtaalamu. Nina duka la vifaa vya ujenzi hapa Kahama, na huu ni mwaka wa sita natumia wakala wa benki aliye jirani na duka kuweka mauzo ya siku. Mwezi uliopita, jioni, nilimpelekea shilingi 2,400,000. Akasema mtandao unasumbua, niache hela ataniwekea ukirudi. Akaandika kwenye daftari lake, tukaagana. Kesho yake mchana ziliingia 2,000,000. Nikimuuliza zile 400,000 anasema mtandao ulizila na benki itazirudisha. Tawini wameniambia nimalizane na wakala. Kabla sijatulia, nikapigiwa simu na mtu anayejiita wa huduma kwa wateja. Anajua jina langu lote na anajua nina mkopo. Bima ya kirikuu changu cha kubebea saruji nayo nilikatiwa na kijana ambaye sijui hata ni wa kampuni gani. Kaka yangu anasema mabenki na makampuni ya bima yametuuza kwa madalali, nitoe hela zote niziweke nyumbani. Je, ni kweli tuko hatarini kwa sababu haya makampuni hayafanyi kazi zake yenyewe? Nifanye nini?"

Marahaba, mdogo wangu, na pole sana. Laki nne kwa mwenye duka ni faida ya siku nyingi za kusimama, naelewa kwa nini usingizi umekupaa. Umeuliza mambo matatu kwa pamoja: hela iliyopungua, simu ya yule asiyejulikana, na bima ya kirikuu. Nitaanza na hela na nitakaa hapo kwa muda mrefu, kwa sababu ukishaelewa kilichotokea pale kibandani, hayo mengine mawili utayaona yana mzizi mmoja nalo.

Kaka yako ana sababu ya kuogopa, ila dawa anayokupa ni mbaya kuliko ugonjwa. Benki kufanya kazi kupitia wakala si kukuuza. Kabla ya mawakala, mtu wa Ushetu au wa Kakola alipanda gari hadi Kahama mjini na hela amezifunga kiunoni, akashinda foleni, na wengine hawakufika salama. Mimi nimefanya kazi benki tangu enzi hizo, na sitamani zirudi. Hatari ipo, lakini haiko kwa mtu wa kati kuwepo. Iko kwenye ule muda ambao hela imetoka mkononi mwako na bado haijaandikwa kwenye vitabu vya benki. Muda huo ukiwa wa sekunde tatu, uko salama. Ukiwa wa usiku mzima, kama ulivyokuwa wako, umebaki peke yako bila kujua.

Watu wengi wanadhani wakala anapokea hela zako, anazichanganya na za wenzako, kisha jioni anazibeba kuzipeleka benki. Haiko hivyo. Wakala ana akaunti yake benki, na humo ameweka hela zake mwenyewe; hiyo ndiyo floti. Unapompa 2,400,000 taslimu naye akakamilisha muamala kwenye mashine, benki inakata 2,400,000 kwenye floti yake na kuziandika kwenye akaunti yako papo hapo. Zile noti zinabaki kuwa mali yake. Yaani amenunua noti zako kwa salio lake. Ndiyo maana muamala ukishapita, hata kibanda kikivunjwa usiku uleule, wewe huna hasara: zilizoibiwa ni noti zake, salio lako limekaa benki.

Sasa ligeuze. Mtandao haupo, au floti imekwisha, na mashine haiwezi kukata chochote. Ukiacha noti pale, hakuna kilichohama popote. Benki haijui kama ulifika. Kilichofanyika kwa kweli ni kwamba umemkopesha jirani yako shilingi 2,400,000 bila mdhamini, na ushahidi wa mkopo huo umeandikwa kwenye daftari lake yeye. Nakwambia hili bila kukulaumu, kwa sababu nimeona wafanyabiashara wakubwa kuliko wewe, na hata watumishi wa benki wenyewe, wakifanya hivyohivyo kwa kuwa wakala ni mtu wanayemjua, wanasali naye, watoto wao wanasoma darasa moja.

Kuna jambo jingine ambalo mteja haambiwi. Mara nyingi "mtandao unasumbua" maana yake ni "floti imeniishia". Wakala anaona haya kusema hana hela kwenye akaunti, au anaogopa utahamia kwa mwenzake wa jirani. Basi anachukua noti zako, anazipeleka tawini au kwa wakala mkubwa ili anunue floti, kisha ndipo anakurushia salio. Katikati hapo anatokea mteja mwingine anayetaka kutoa, au mwenye kibanda anadai kodi, na noti zako zinaanza kufanya kazi ambazo hukuzituma. Simshtaki jirani yako. Mimi sijaona taarifa ya akaunti yake, na wewe pia hujaiona. Nakuonyesha tu kwamba pengo la laki nne linaweza kuzaliwa bila mtandao kuwa na hatia yoyote.

Na hilo neno la mtandao kuzila tulishike vizuri, maana hapa ndipo una nguvu. Muamala mmoja haumegwi. Ukitumwa wa 2,400,000, ama unapita wote, ama unakwama wote. Haiwezekani mtandao ukameza laki nne ukatema milioni mbili. Kwa hiyo kuna mambo mawili tu. La kwanza, alituma 2,000,000 peke yake, na zile 400,000 hazijawahi kuingia kwenye mashine. La pili, alituma mara mbili, ya kwanza ikapita, ya pili ikakwama katikati. Hilo la pili hutokea kweli: floti inakatwa kwa wakala, akaunti ya mteja haipokei, na hela inakaa kwenye akaunti ya kusubiria ya benki hadi mtu wa upatanisho wa miamala aione na kuirudisha au kuimalizia. Lakini muamala uliokwama hauwi kivuli. Una namba ya kumbukumbu, una tarehe, una saa na dakika. Mwambie akuonyeshe namba hiyo. Akiwa nayo, benki itaimaliza bila shida. Akiwa hana, ujue laki nne hazikufika kwenye mtandao hata zikapata nafasi ya kuliwa.

Tawini walikosea kukwambia umalizane na wakala. Hiki ni kitu ambacho ningependa kila mtu anayepanga foleni kwenye kibanda akijue. Benki Kuu ya Kenya ilipotoa mwongozo wa uwakala wa benki mwaka 2010, iliandika kwamba benki inabeba kikamilifu wajibu wa matendo ya wakala wake, na ya yale aliyopaswa kufanya asiyafanye. Mwongozo huo unamkataza wakala kufanya muamala wakati mawasiliano yamekatika, unamkataza kufanya muamala ambao risiti yake haiwezi kutoka, unamkataza kumtoza mteja ada ya pembeni, na unamkataza kumpa mtu mwingine uwakala wake. Tanzania ilipata mwongozo wake mwaka 2013, na msingi wa wajibu ni uleule: anayefanya kazi kwa jina la benki, kazi hiyo ni ya benki. Benki inaweza kugawa kazi kwa watu wa nje kadiri inavyotaka, ila wajibu kwa mteja haugawiki. Huo ndio msimamo wa wasimamizi wa mabenki karibu duniani kote.

Hata hivyo sitakudanganya. Kwa kuwa uliacha hela bila risiti ya mashine, benki inaweza kujitetea kwamba yale yalikuwa makubaliano yenu binafsi, ya jirani na jirani. Wewe utajibu kwamba ulimkuta kwenye kibanda chenye bango la benki, saa za kazi, ukampa hela kwa ajili ya kuwekwa kwenye akaunti ya benki hiyo, na kweli kesho yake sehemu kubwa ikawekwa. Hoja yako ina uzito, na ile 2,000,000 iliyoingia ndiyo shahidi wako mkubwa. Lakini si ushindi wa moja kwa moja, na nisingependa uende tawini ukiamini kwamba watakuhesabia laki nne siku hiyohiyo.

Kitu kinachoniumiza zaidi katika mfumo huu ni urefu wa mnyororo. Karatasi ya benki inamtambua wakala mmoja: jina lake, leseni yake ya biashara, mahali pake. Ukifika kibandani unamkuta mtu mwingine kabisa. Nilipokuwa kwenye kitengo cha mawakala, tulipokea lalamiko la mama mmoja aliyeacha ada ya shule ya wanawe. Tulipofuatilia, aliyepokea hela hakuwa wakala aliyesajiliwa wala mwajiriwa wake. Alikuwa shemeji aliyeshika kibanda wiki moja kwa sababu mwenyewe amesafiri, na kabla yake mashine ilikuwa imekodishwa kwa mtu wa tatu. Benki ililipa, baada ya miezi ya vuta nikuvute, na mtoto mmoja wa yule mama alikuwa ameshakosa muhula. Tangu hapo nikifika kwa wakala huwa namuuliza jina, kisha naliangalia kwenye cheti kilichobandikwa ukutani. Wengine hukasirika. Wanaojua kazi hawakasiriki.

Mpaka hapa nimesema kuhusu watu unaowaona. Kuna watu wa kati usiowaona kabisa, na hao ndio wanaonifanya niseme wasiwasi wa kaka yako si wa bure. Unapohamisha hela kutoka benki kwenda kwenye simu, mara nyingi kuna kampuni ya tatu inayounganisha mifumo ya pande mbili. Mwanzoni mwa Oktoba 2020 huko Uganda, benki ya Stanbic pamoja na kampuni za simu za MTN na Airtel zilitoa tangazo la pamoja kwamba mtoa huduma wa nje amepata tatizo kwenye mfumo wake, na miamala ya benki kwenda simu ikasimamishwa. Vyombo vya habari vya Uganda viliitaja kampuni hiyo kuwa Pegasus Technologies na kueleza kwamba wezi waliingia kwenye mfumo wake wakachota mabilioni ya shilingi za Uganda kwa kutumia laini nyingi za simu. Benki na kampuni za simu ziliwahakikishia wateja kwamba salio zao hazikuguswa. Angalia jinsi hasara ilivyogawanyika pale: mteja alikaa bila huduma, lakini kwa kuwa salio lake lilikuwa limeandikwa kwenye vitabu vya benki na vya kampuni ya simu yenyewe, mwizi wa katikati hakuweza kulifuta.

Linganisha na yaliyowakuta Wamarekani mwaka 2024. Kulikuwa na kampuni iitwayo Synapse, iliyokaa katikati ya programu za simu ambazo watu walizitumia kuweka akiba, na mabenki yaliyotunza hela yenyewe. Mabenki yalishika hela, lakini orodha ya nani anamiliki kiasi gani iliandikwa na Synapse. Aprili 2024 ikafungua shauri la kufilisika. Zaidi ya watu 100,000 wakafungiwa hela zao, na msimamizi aliyeteuliwa na mahakama, Jelena McWilliams, aliripoti kwamba kati ya kile wateja walichodai na kile kilichopatikana kwenye mabenki kulikuwa na pengo la dola milioni 65 hadi 96. Wateja walikimbilia bima ya amana ya serikali yao, wakajibiwa kwamba bima hiyo hulipa benki inapofilisika, na hapa hakuna benki iliyofilisika. Aliyeanguka ni yule wa katikati.

Nimekuletea hadithi ya mbali hivyo kwa sababu inafanana na daftari la jirani yako. Kule Marekani na pale Kahama, kosa lilikuwa moja: kumbukumbu ya hela ya mteja ilibaki kwa mtu wa kati badala ya kuwa kwa taasisi inayowajibika. Na hapa kwetu Bodi ya Bima ya Amana inakinga akiba yako hadi shilingi 7,500,000 kwa benki, kiwango kilichopanda kutoka 1,500,000 cha zamani. Kinga hiyo ni ya siku benki inapofungwa, kama Benki Kuu ilivyofunga benki tano kwa pamoja Januari 2018. Haimlipi mtu aliyeacha noti kwa wakala. Wanaokwambia "hela ziko salama, kuna bima" waulize: salama dhidi ya nini?

Hela za kwenye simu nazo zina ulinzi wake ambao wengi hawaujui. Tangu Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015, salio la wateja hutakiwa kutunzwa kwenye akaunti za amana benki, mbali na hela za kampuni yenyewe, ili kampuni ikidaiwa wadai wasizifikie. Sisemi hivyo ili uhamishie kila kitu kwenye simu. Nasema kwa sababu kaka yako amesema "wametuuza", na kwa kiasi kikubwa sheria zimejaribu kufanya kinyume chake.

Kuhusu kuweka hela nyumbani sitachukua muda. Duka la vifaa vya ujenzi linajulikana lina mauzo, na majirani wanajua unafunga saa ngapi. Usifanye hivyo.

Tuje kwenye simu uliyopigiwa. Huenda unadhani benki imetoa taarifa zako. Inawezekana zimevuja kupitia kampuni ya nje, maana mabenki mengi hukodi watu wa kupokea simu na watu wa kufuatilia madeni, na kila mkono unaoongezeka ni mlango unaoongezeka. Lakini kabla ya kufika huko, kumbuka jina lako lote si siri kama unavyodhani. Mtu yeyote akiandika namba yako kana kwamba anakutumia hela, jina lako linatokea kwenye kioo cha simu yake, kisha anaghairi. Halafu kuna lile daftari la wakala ambalo kila mteja anaandika jina, namba ya simu na kiasi, na anayefuata anasoma wote waliomtangulia huku akisubiri chenji. Na kwa mwenye duka, kubahatisha kwamba ana mkopo hakuhitaji ujuzi. Watu wachache wana maduka bila mkopo. Mwongo mzoefu anakupa mambo mawili ya kweli ili umpe la tatu, ambalo ni namba yako ya siri.

Je, uliwahi kukopa kwenye programu za simu? Kama ndiyo, hapo mashaka yangu yanaongezeka. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitaja majukwaa na programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni, na miongoni mwa malalamiko yaliyokuwa yakisikika mitaani ni ndugu na marafiki wa mkopaji kupigiwa simu na kuaibishwa. Programu ya namna hiyo ikiingia kwenye simu inaomba ruhusa ya kusoma namba zote ulizohifadhi. Iondoe, na namba iliyokupigia itume kwenda 15040, namba ya Mamlaka ya Mawasiliano ya kuripoti matapeli. Kama baadaye itaonekana taarifa zilitoka benki au kwa kampuni iliyoikodi, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakupa pa kulalamikia, yaani Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kwa sasa fanya jambo moja tu: mtu akikupigia akisema ni wa benki, kata, kisha piga wewe namba iliyo nyuma ya kadi yako.

Bima ya kirikuu ni fupi kueleza, ila usiiahirishe. Kwenye bima kuna watu wa kati wa aina mbili, na tofauti yao ni kubwa ingawa mtaani wote wanaitwa "kijana wa bima". Wakala wa bima anafanya kazi kwa niaba ya kampuni ya bima. Dalali wa bima anafanya kazi kwa niaba yako wewe mteja. Likitokea jambo, swali la kwanza litakuwa yule kijana alisimama upande wa nani alipopokea hela yako. Aina ya tatu ni kijana asiye wakala wala dalali, anayekusanya ada na kupeleka kwa mwenye leseni akijisikia. Bima huanza kuhesabika ada inapolipwa, na ada iliyokaa mfukoni mwa kijana haijalipwa bado. Chukua namba ya stika au namba ya gari, uihakiki kwenye mfumo wa TIRA-MIS wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, yaani TIRA. Utaona kampuni, tarehe ya kuanza na ya kuisha, na kama ni bima ndogo au kubwa. Angalia hasa matumizi ya gari: kirikuu kinachobeba saruji kikiandikwa kuwa cha matembezi binafsi, siku ya ajali utapata tabu kulipwa hata kama stika ni halali. Kisipoonekana kabisa kwenye mfumo, kiegeshe. Mwakani lipa kwa namba ya malipo ya kampuni yenyewe, hata kama aliyekuhudumia ni wakala.

Sasa uendelee vipi na mauzo ya kila siku? Mimi nisingekwambia umwache wakala. Kutembea na milioni mbili hadi tawini kila jioni kuna hatari kubwa kuliko muamala wa sekunde tatu karibu na duka, na muda wa foleni ni muda ambao duka limefungwa. Ningekwambia umpe hela pale tu mashine inapofanya kazi mbele yako, na usiondoke hadi vitu viwili vimekufikia: risiti ya mashine na ujumbe wa benki kwenye simu yako wenye kiasi kilekile. Ujumbe usome uone umetoka wapi, kisha uangalie salio, kwa sababu ujumbe wa kughushi ni kazi ya dakika moja. Akisema mtandao unasumbua, funga mkoba urudi kesho au nenda kwa mwingine. Jambo hili litakugharimu urafiki kidogo siku za mwanzo.

Siku za mauzo makubwa, kama mteja amenunua bati za nyumba nzima, nenda tawini mchana. Au mwombe mteja alipe kwa lipa namba au moja kwa moja kwenye akaunti yako. Kila hela inayoingia bila kupita kwenye noti inaondoa mtu mmoja katikati. Ina makato yake, nayo yanatofautiana, kwa hiyo uliza kabla hujaamua. Na kama salio lako huwa linapita milioni saba na nusu kwa muda mrefu, si vibaya kuwa na akaunti kwenye benki ya pili.

Nirudi kwenye laki nne, kwa sababu hapa simu na maandishi havitoshi, inabidi uende mwenyewe. Kwanza piga picha ukurasa wa daftari la wakala kabla haujachanika. Tunza meseji zenu zote, na mwandikie nyingine ya upole ukimwomba namba ya kumbukumbu ya muamala wa pili. Jibu lake, au ukimya wake, ni ushahidi. Chukua taarifa ya akaunti yako ya siku hizo mbili. Kisha andika barua kwa meneja wa tawi, ukitaja tarehe, saa, kiasi, jina la kibanda na namba ya wakala, ukiomba waangalie miamala ya mashine hiyo kuanzia jioni ile hadi kesho yake mchana, pamoja na akaunti ya kusubiria. Hawatakupa taarifa ya akaunti ya wakala, ni siri yake, lakini wao wanaweza kuifungua na kujua ukweli kwa nusu saa. Peleka nakala mbili, na moja igongwe muhuri wa kupokelewa, urudi nayo. Lalamiko la mdomo tawini halina umri, hakuna anayejua lilizaliwa lini.

Wakikataa, au wakinyamaza, chukua barua hiyo yenye muhuri uende Benki Kuu tawi la Mwanza, kwenye dawati la malalamiko ya watumiaji wa huduma za kifedha. Huko wanataka kuona kwamba ulianza na benki yako kwanza, ndiyo maana muhuri ule una thamani. Kwa upande wa bima, ukinyimwa fidia kinyume cha haki, TIRA ina ofisi ya Kanda ya Ziwa hapohapo Mwanza, na baada ya kampuni kuna Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Polisi uende ikibainika kwamba wakala alighushi au amehama. Chukua RB, yaani namba ya taarifa yako polisi, siku hiyohiyo, usisubiri arudi.

Huenda jirani yako, akiona barua, akaja nyumbani na mkewe kuomba mmalizane kwa kulipa kidogo kidogo. Hakuna ubaya kukubali. Nimeona mengi yakiisha hivyo na watu wakaendelea kusalimiana. Lakini muandikiane mbele ya mwenyekiti wa mtaa, kila malipo yaingie kwenye akaunti yako kwa muamala wenye risiti, na usisaini popote kwamba mmemalizana hadi umeona laki nne zote kwenye salio.